Nilivyomfundisha Ng'ombe Kulima Vitunguu

Nianze na jambo moja tusije tukasumbuana baadaye: vitunguu vinaota Tukuyu. Nimevipanda mwenyewe, kwa mbegu, mbele ya nyumba yangu hapa Kawetele, nikavivuna na kuvila. Anayesema ardhi ya huku ni ya ndizi, viazi na chai tu, namkaribisha. Nitampa kisu, kitunguu na kigoda, akate mwenyewe mpaka machozi yamtoke, halafu tuendelee na mazungumzo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Singida, na kwetu kitunguu hatujifunzi, tunazaliwa tunakikuta. Serikali ilinileta Rungwe nikiwa bado binti, na mwezi wa kwanza mvua ya hapa iliniliza. Nguo hazikauki. Kiberiti hakiwaki. Viatu vinaota ukungu chini ya kitanda kama vimepandwa. Nilishaandika barua ya kuomba uhamisho, nikakutana na fundi pikipiki mmoja mrefu, mpole, mtu wa Suma, nikaisahau barua kwenye droo. Sasa tuna miaka kumi na saba pamoja. Watoto wetu wawili wako bweni, wanakuja likizo kula na kulalamika.

Lakini habari hii si ya mume wangu. Ni ya baba yake, na ya mdomo wangu.

Maana mdomo ninao, sikatai. Nikifundisha, wanaopita barabarani wanaondoka wanajua kugawanya sehemu. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeolewa kwenye ukoo ambao mkwe wa kike na baba mkwe hawasemeshani. Kwa Wanyakyusa wa zamani ndivyo ilivyo: hamsalimiani, hamtazamani, hamli pamoja. Akija kwa njia hii, wewe unapitia ile. Vijana wengi siku hizi wameacha, baba mkwe anakaa sebuleni na mkwewe wanaangalia taarifa ya habari. Baba mkwe wangu si kijana.

Mimi hakuna aliyeniambia. Siku ya kwanza napelekwa Suma, nimevaa kitenge kipya, namwona mzee anashuka njiani na jembe begani. Nikajua ndiye, sura ilikuwa ileile ya mume wangu, imezeeka tu. Nikapiga magoti katikati ya njia, nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Shikamoo baba!" Mzee akatupa jembe, akavuta koti juu ya kichwa, akaingia kwenye migomba mbio. Mimi nikadhani ameona nyoka. Nikainuka nikamfuata! Nakimbia naita, "Baba, kuna nini? Baba, umeumwa?" Na yeye kadiri ninavyoita ndivyo anavyozidi kukimbia, majani ya migomba yanachanika, mpaka shangazi mmoja wa mume wangu akanidaka kitenge kwa nyuma. Alikuwa anacheka mpaka amekaa chini. Wanawake wote wa Suma walicheka, na wengine hawajaacha mpaka leo.

"Hakuchukii," mume wangu aliniambia baadaye. "Anakuheshimu."

"Heshima ya kukimbiana?" nilisema. "Mimi kwetu anayekukimbia amekukosea au umemkosea."

Basi tukaishi hivyo miaka mingi. Tukienda Suma, yeye anakaa upande wa ng'ombe, mimi upande wa jiko, na mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa katikati anapeleka salamu. Mama mkwe alipofariki, mzee akabaki peke yake. Halafu mwaka juzi akateleza jikoni kwake, nyonga ikakataa, akalala pale chini kuanzia asubuhi mpaka jioni, jirani alipokuja kuomba moto. Siku nzima, jamani, kwenye sakafu ya udongo, na baridi ya huku. Mume wangu alimbeba akamleta kwetu. Nilimwona mume wangu siku ile, nikajua hatakaa alale usingizi tena kama baba yake atarudi kule peke yake.

Tulimpa chumba cha nje, kile kilichopakana na banda la ng'ombe. Akasema atakaa mpaka mguu upone tu. Mguu ukapona kiasi cha kutembelea fimbo, na tangu hapo kila baada ya wiki chache akawa anamwambia mwanawe kwamba sasa ni wakati wa kurudi kwake. Mume wangu anamwomba, mzee anaahirisha. Begi lake, lile la turubai, lilikaa mlangoni limefungwa kwa kamba ya bluu, sikuwahi kuliona limefunguliwa. Akihitaji shati analegeza kamba, anatoa shati, anafunga tena.

Ng'ombe ndiye aliyetuunganisha. Tunaye mmoja, wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji. Wiki ya kwanza tu nikiwa jikoni nilimsikia mzee bandani anasema, kwa sauti iliyopandishwa makusudi, "Wewe ng'ombe, ungekuwa na mikono, ungenichemshia maji ya kuoga." Nikasimama na mwiko wangu. Nikacheka peke yangu, nikainjika maji, nikapeleka ndoo mpaka kwenye jiwe lililo mlangoni pake, nikakohoa, nikaondoka. Kesho yake nikapita nyuma ya banda, nikasema, "Ng'ombe, leo kuna kande au ndizi za nyama, sijui wewe ungependa kipi." Halafu kutoka upande wa pili wa mbao: "Ng'ombe halisi hakatai ndizi."

Tukawa tumepata posta yetu. Maziwa, dawa zake za presha, wageni wanaokuja, vyote vilipita kwa ng'ombe. Mnyama yule alisikia mambo mengi kuliko mchungaji. Lakini baada ya mazungumzo hayo mzee akinisikia nakuja anageuka ukutani, nami napita nimetazama pembeni. Sikuzoea. Nasema kweli, iliniuma kila siku kidogo, kwamba nampikia mtu ambaye sijawahi kumwona macho.

Vitunguu viliingia mwaka jana. Nilikwenda Singida kumsalimia mama yangu, akanipa mbegu kwenye kichupa cha vidonge. Alizipukuchua mwenyewe, akazipepeta kiganjani, nyeusi na zenye pembepembe kama mavumbi ya makaa. Mbegu ya kitunguu haikai sana, ya mwaka juzi tayari ni ya kutupa, kwa hiyo hakuna kusema utapanda siku ukipata nafasi. Niliporudi nilifunga mbegu ishirini za majaribio kwenye kitambaa chenye maji, nikakiweka jikoni kwenye joto. Siku ya sita nikafungua, kumi na saba zimetoa mkia. Nikapiga kigelegele.

Mwanzoni mwa mwezi wa nne, mvua inamwagika kama mtu kasahau bomba, nilitengeneza kitalu. Nikainua tuta mpaka magotini ili maji yasikae, nikachanganya udongo na samadi iliyokaa muda na majivu, nikachora mistari kwa kidole, mbegu nikazifukia kina cha ukucha tu. Juu nikajenga paa la fito na nailoni. Majirani wakawa wanapita wanauliza mwalimu anamjengea nani nyumba. Nikawaambia mgeni kutoka Singida. Siku ya tisa mgeni akatoka: vijani vyembamba, vimejikunja kama sindano iliyopinda, na kila kimoja kimebeba ganda la mbegu yake kichwani.

Kosa langu, kwa macho ya wenyeji, lilikuwa migomba. Vitunguu vinataka jua, na jua la Tukuyu ni la kuvizia. Nikang'oa mashina matatu mbele ya nyumba. Weee! Jirani mmoja alikuja kunipa pole kama nimefiwa. Nikampita mzee nyuma ya banda, nikamsikia: "Ng'ombe, hivi huko Singida watu hawapendi kivuli?"

"Ng'ombe," nikajibu, "mwambie muulizaji asubiri mwezi wa kumi, atakula kivuli chenye nyama."

Akacheka. Nilimsikia, kicheko kifupi cha puani. Siku ile nilifundisha vizuri sana.

Mwishoni mwa mwezi wa tano mvua ilipopungua nikahamisha miche, mmoja mmoja, umbali wa kiganja. Matuta sita. Ikashika yote isipokuwa michache. Mzee hakutia neno, lakini nikitoka shuleni nakuta magugu yameng'olewa, tena kwa ufundi, bila kugusa mizizi ya miche. Nikarudi siku moja nikakuta kuku wa jirani wamewekewa uzio wa matawi. Sikumwuliza ng'ombe. Nikaona mume wangu anarudi jioni anamkuta baba yake na udongo mikononi, anaingia ndani anapiga mluzi. Begi lilikaa palepale, lakini kwa miezi miwili hakuna aliyetaja Suma.

Mwezi wa nane nikaitwa semina Mbeya, wiki nzima. Niliondoka vitunguu vimeanza kunenepa. Na hapa nieleze kidogo kwa asiyejua: kitunguu hakijifichi. Kinakaa juu ya udongo, mizizi tu ndiyo iko chini, mabega yote yako nje yanapigwa jua na upepo. Ukikifukia, shingo inakuwa nene, na kwenye unyevu wa huku kinaoza. Mimi niliyajua hayo tangu naota meno, kwa hiyo sikuona sababu ya kumwambia mtu. Wala ng'ombe.

Narudi Ijumaa ile, nimechoka, begi begani, nafungua geti. Sikuona kitunguu hata kimoja. Niliona matuta ya viazi. Kweli kabisa: udongo umevutwa pande zote mbili, umepandishwa, umeshindiliwa kwa nyuma ya jembe, mistari imenyooka kama imepigwa rula, na majani ya vitunguu vyangu yanachungulia juu kama watu waliozama mpaka shingoni. Matuta sita yote.

Nikapandwa na hasira, sikumbuki nilivyotupa begi. Nilisimama katikati ya uwanja nikafungua mdomo wangu wote. "Nani kazika vitunguu vyangu? Nauliza, nani? Miezi minne! Huku watu wakiona jembe wanajua viazi tu, viazi, viazi! Mtu hajui kitu si aache? Si angebaki kwake Suma azike viazi vyake?"

Halafu nikasikia fimbo. Tok, tok, kwenye mbao za banda. Alikuwa pale muda wote, mita kumi, anamkatia ng'ombe matete. Fimbo ikaenda polepole mpaka chumbani, mlango ukafungwa. Ng'ombe akaninyooshea shingo akitafuna.

Hapohapo nilijua nimeharibu. Lakini mimi na kiburi changu nikaingia jikoni nikagonganisha sufuria.

Asubuhi yake mume wangu hakunywa chai. Alikaa ameshika kikombe. "Mzee anaondoka Jumamosi ijayo," alisema. "Amesema nimtafutie gari la kumfikisha Suma."

"Kwa sababu ya maneno yangu."

"Nimemwomba msamaha kwa niaba yako. Amesema wewe huna kosa. Amesema: 'Siendi kwa hasira, mwanangu. Naenda kwa sababu kazi ya hapa siijui.'"

Nikakaa chini. Angetukana ningejua cha kufanya, matusi nayaweza. Lakini mzee aliyelima tangu utotoni, aliyelisha watoto saba kwa jembe lile, anasema kazi haijui, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo? Roho iliniuma vibaya. Nikafikiri sakafu ile ya jikoni kule Suma, na safari hii labda jirani asingehitaji moto.

"Kwa nini alivifukia?" nikauliza.

Mume wangu akanitazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa. "Mvua ilipiga siku mbili ulipokuwa Mbeya. Mvua isiyo ya msimu. Udongo ukaoshwa, vitunguu vikabaki wazi. Kiazi kikibaki wazi kwenye jua kinakuwa kijani, kinakuwa kichungu, hakiliki. Alidhani chakula chako kinaharibika. Alifanya siku nne, na ile nyonga. Nilimkataza, akasema mwalimu akirudi asikute hasara."

Nikatoka nje nikatazama matuta yale upya. Kati ya tuta na tuta kulikuwa na mfereji, wa kina, umeteremshwa vizuri mpaka kwenye mtaro wa barabara. Mifereji yangu mimi, ya kitoto, ilikuwa ya kina cha vidole vinne. Kule Singida tunahangaika kuzuia maji yasiondoke, sikuwahi kujifunza kuyafukuza. Mzee aliichimba siku ya kwanza ya mvua, mume wangu alinieleza, na maji ya siku ya pili yakapita humo. Ingekuwa yangu, vitunguu vingeogelea.

Msamaha wa kupelekewa haukumfaa, hilo nililielewa nikiwa njiani kwenda shule Jumatatu. Mtu hasemi kazi siijui ili aambiwe pole. Anasema hivyo kwa sababu hajaelekezwa. Na mimi nina kazi gani mjini hapa kama si hiyo?

Jioni yake, baada ya kuhakikisha fimbo iko upande wa pili wa mbao, nilisimama nyuma ya banda na kitunguu kimoja mkononi, nimekichimbua na majani yake. Nikakohoa.

"Ng'ombe," nikasema, "leo kuna kipindi. Kaa vizuri."

"Kiazi ni tumbo, kinalala chini ya ardhi, ukikifunua kinakasirika. Anayekifunika anafanya sawa. Kitunguu siyo tumbo. Kitunguu ni majani yaliyonenepa chini, basi. Ukikata unaona, jani juu ya jani. Kinakaa juu ya udongo kama kuku anavyokaa juu ya mayai, na kuku ukimfukia hafurahi. Hili mwalimu alilijua, hakulisema. Akaenda zake Mbeya, akamwacha mtu na shamba bila maelekezo. Huyo mwalimu ni mwalimu gani, ng'ombe? Halafu akarudi akapiga kelele." Nikakigeuza kitunguu mkononi. "Amefanya vibaya sana. Mwambie aliyechimba mifereji kwamba bila yeye mwalimu asingekuwa na kitunguu hata cha kuonja. Mwambie mwalimu anaomba radhi. Si kwa mdomo tu."

Nilisubiri. Ng'ombe akatoa pumzi. Nikageuka niondoke.

"Ng'ombe," sauti ikasema, taratibu, "muulize mwalimu. Sasa hivi fitunguu fikifunuliwa, fitapona?" Kwa Kinyakyusa chake vitunguu vilikuwa fitunguu siku zote.

"Ng'ombe, vingi vitapona. Lakini si kwa jembe. Kwa vidole, polepole, ngozi isichubuke. Mtu mmoja hamalizi."

"Na mbegu? Mbegu inatoka wapi, ndani hamna kokwa?"

Swali zuri. Wanafunzi wangu wote hawajawahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza ng'ombe kwamba kitunguu mwaka wa kwanza hakitoi mbegu. Unachagua vikubwa, unavipanda tena vizima vizima, unavisubiri mpaka mwaka unaofuata vinyanyue mabua na maua ya mviringo, ndipo upukuchue. "Mwenye haraka hapati mbegu," nikamwambia ng'ombe. Fimbo ikaondoka.

Kesho yake alfajiri kabla ya shule niliinama kwenye tuta la kwanza nikaanza kufukua kwa vidole. Nilifika robo, nikachomeka kijiti nilipoishia ili jioni nisipoteze. Nikaenda kazini. Niliporudi kijiti hakikuwa pale. Kilikuwa mwisho wa tuta la kwanza, kimechomekwa wima, na nyuma yake vitunguu vyote vimekaa juu ya udongo, mabega wazi, hakuna hata kimoja kilichochubuka.

Nikaingia ndani nikamwita mume wangu aje aone kijiti. Alikitazama muda mrefu kuliko kijiti kinavyostahili.

Basi tukafanya kazi hivyo. Asubuhi mimi, mchana yeye, kijiti kinatangulia. Hatukuonana hata mara moja. Jumamosi ya safari ilipofika tulikuwa tuta la nne, na mzee akamwambia mwanawe gari lisubiri, hawezi kuacha kazi katikati. Mimi, kwa kuwa si mjinga, nilianza kuchelewa. Nafukua mstari mmoja badala ya mitatu, nasingizia mafua. Tulipomaliza matuta, nikamwambia ng'ombe mifereji imeingia udongo. Baadaye nikamwambia kuna magugu. Magugu hayakuwapo, nikayaacha yaote.

Tuliokoa vingi. Theluthi hivi ya tuta la mwisho ilioza, nikaitupa, nikaudhika, nikanyamaza. Mimi nilitaka kuvuna mwezi wa kumi, vikomae vizuri kama kwetu. Lakini mzee akamwambia ng'ombe kwamba siafu wamehama bondeni wanapanda juu, mvua ya mwaka huu haitasubiri kalenda ya shule. Nilibisha? Thubutu! Nilishajifunza. Majani yalipoanza kulala tu, wiki ya mwisho ya mwezi wa tisa, tukaving'oa. Siku nne baadaye ilinyesha mvua ya kuvunja migomba.

Ilibaki kukausha, na jua hakuna. Singida unavitandika chini, jua linamaliza kazi. Nilizunguka na ndoo zangu tatu zilizojaa nisijue pa kuziweka. Nikatoka dukani nikakuta mzee amevisuka kwa majani yao, kama tunavyofunga mahindi ya mbegu, ameviacha mlangoni pa jiko, mafungu kumi na moja. Nikaelewa. Nikavitundika juu ya moto, kwenye fito za dari, vikala moshi wiki mbili. Vilikauka mpaka vinaita ukivigusa. Nikampikia mzee ndizi za nyama na vitunguu vingi kuliko inavyotakiwa, nikaweka bakuli kwenye jiwe, nikakohoa. Bakuli lilirudi jeupe.

Lakini sasa kazi imekwisha. Matuta yako wazi, hakuna kijiti, hakuna gugu la kusingizia. Jumapili ile mume wangu alikwenda chumbani kwa baba yake kuongea, nami nilijua wanaongea nini. Nikashindwa kukaa ndani. Nikatoka kwenda bustanini, angalau nisikie udongo chini ya miguu.

Kwenye tuta la mbali, lile la kwanza tulilolifukua, kulikuwa na mstari mpya. Vitunguu tisa, vikubwa kuliko vyote, ambavyo nilidhani nimevihesabu vibaya nilipotundika. Vimepandwa tena, vizima vizima. Udongo haukupandishwa. Mabega yote yako nje, safi. Na kuvizunguka, kuzuia kuku, kulikuwa na vijiti vinne vimefungwa kamba kutoka kimoja hadi kingine, ya bluu, na penye fundo imechakaa kwa kufungwa na kufunguliwa.

Nililia pale pale, mtu mzima, Jumapili mchana, majirani wanatoka kanisani. Sikujali. Nilikwenda mpaka nyuma ya banda, nikasimama. Nilitafuta neno lolote nikakuta moja tu, la kwao, la kushukuru.

"Ng'ombe," nikasema. "Mwambie, ndaga."

Upande wa pili wa mbao mtu akakohoa. "Ng'ombe," akasema, "mwambie mwanangu mwaka ni mrefu, aniletee jembe dogo."

Mume wangu alikuwa ameshatoka kwake, yuko ndani ya nyumba. Aliyekuwa anasikia ni mimi peke yangu. Nilikimbia kulileta.